Mwalo Usioandika Sifuri

Walikuja kuufunga mtumbwi wa Luhaga asubuhi, watu wote wakiwa mwaloni, pale mitumbwi inapotua, maana aibu ya mtu mdogo haikosi watazamaji. Mgambo wawili walipitisha mnyororo kwenye tundu la omo, mbele ya mtumbwi, wakauzungusha kwenye shina la mkuyu, wakabana kufuli. Nyuma yao alisimama Bwana Samaki wa wilaya, kijana Rwegasira, mtu wa Bukoba, suruali kaikunja hadi magotini na viatu kavishika mkononi kwa sababu ya tope.

"Ndugu Luhaga ni nani hapa?"

"Ndiye mimi," alijibu Luhaga. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka majini. Wavu begani kwake ulikuwa unachuruzika maji, na ndani yake hamkuwa na kitu isipokuwa majani.

"Chombo chako kinasimama kuanzia sasa," alisema Rwegasira. "Kwa mujibu wa taarifa za mwalo huu, wewe ndiye mvuvi anayeongoza. Tangu masika yaanze umevua kuliko mtu yeyote. Lakini kwenye mizani ya ushirika hujauza hata robo yake. Samaki wengine wako wapi?"

Kuna mtu alicheka nyuma, kisha akajifanya anakohoa. Luhaga alimtazama Maige, karani wa mwalo, aliyesimama kando ya mizani. Maige aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

"Hao walikuwa wa watoto," alisema Luhaga kwa sauti ya chini.

"Wa watoto! Una watoto wangapi, ndugu? Shule nzima?"

Safari hii walicheka wengi, na hakuna aliyejifanya kukohoa.

Hapa inabidi jambo moja lielezwe, maana wakubwa wa mjini hawakuwahi kulielewa, na hawakutaka. Pale Mawe Mawili, upande wa Ilemela, mvuvi aliyerudi mikono mitupu hasemi kwamba hakupata kitu. Neno hilo halitamkwi karibu na maji. Wazee walisema ziwa lina masikio: ukiliambia limekunyima, kesho linakunyima tena ili usije ukawa mwongo. Basi mvuvi huyo husema, "Tumepata ya watoto," na kila mtu akaelewa, akageuza macho, mambo yakaisha.

Mambo yalianza kuharibika ushirika ulipoundwa, ikaja amri kwamba kila chombo kiandikwe kilichovua, na taarifa ipelekwe mjini kila mwezi. Maige akachaguliwa karani kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri. Lakini Maige ni mtoto wa palepale; ataandikaje sifuri kwenye jina la jirani yake? Kalamu ilikataa. Mvuvi akisema ya watoto, Maige alimwandikia kiasi kilekile alichoshusha mara ya mwisho alipopata. Kwake hiyo ilikuwa heshima, kama kumwambia mgonjwa kwamba leo uso wako una nuru. Na mjini walifurahi, maana taarifa zilipanda. Mtu wa ofisini akipewa tarakimu inayopanda haulizi ngazi imeegemea wapi. Nyuzi za nailoni za kushonea nyavu zilikuja kwa mgao, na mgao ulifuata taarifa. Basi hata wale waliokuwa hawaamini kwamba ziwa lina masikio wakaanza kuamini.

Luhaga alikuwa hodari kuliko wote. Kabla ya masika alikuwa akishusha sato mpaka watu wanamnong'ona. Halafu kiboko akapita katikati ya wavu wake, akauacha matambara, na nyuzi za mgao zikaishia kwa wakubwa wa kamati na shemeji zao. Tangu hapo Luhaga alirudi na matope. Kila alipotua alisema ya watoto, na Maige, kwa heshima, akamwandikia mzigo wake wa zamani. Ndivyo mtu fukara kuliko wote pale mwaloni alivyokuwa, kwenye karatasi, tajiri kuliko wote. Na ule ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Matajiri wenyewe walikuwa wamejificha vizuri. Tajiri wa karatasi alifaa.

*

Kutoka mwaloni walipanda hadi nyumbani kwake, wakimtanguliza. Paskazia, mkewe, alikuwa anamwogesha mtoto mgongo kwenye beseni.

"Shikamoo," alisema Rwegasira, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri, kisha akaona kwamba yule mama ni rika lake, akatahayari.

"Karibuni," alisema Paskazia. "Viti ni hivyo mawe."

Walipekua. Walivuta godoro la majani nje, wakalikung'uta mbele ya majirani, vikorokoro vyote vya nyumba vikatoka juani: nepi zilizofubaa, sufuria iliyozibwa tundu kwa bati, kanga ya harusi iliyokuwa imekunjwa tangu harusi. Mgambo mmoja alifungua ile kanga kwa ncha ya fimbo, kama mtu anayegeuza nyoka, na humo ndani mkadondoka mche wa sabuni, mweupe, wenye harufu.

"Hee! Hii si sabuni ya duka la kijiji."

"Duka la kijiji lina sabuni?" aliuliza Paskazia.

Majirani waliguna. Duka la kijiji wakati ule lilikuwa na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, viberiti, na kibao kilichoandikwa KESHO.

"Umeitoa wapi?"

"Dada yangu aliniletea nilipojifungua huyu mtoto."

"Dada yako anakaa wapi?"

"Tarime."

"Tarime," alirudia mgambo, akamtazama Bwana Samaki. "Mpakani."

Ikaandikwa. Mwanamke kutunza sabuni ya mtoto, na mtoto bado ananuka majivu kwa kuwa mama anaogopa isije ikaisha, hilo likageuka ushahidi wa magendo.

Rwegasira alikuwa amesimama jikoni. Aliinua mfuniko wa chungu. "Mnakula samaki," alisema.

"Vichwa."

"Kichwa kina mwili wake, mama. Mwili umekwenda wapi?"

Paskazia alifungua mdomo, kisha akamwona mumewe. Luhaga alikuwa anatazama kile chungu kama hajawahi kukiona. Akaufunga mdomo, akamchukua mtoto kutoka kwenye beseni, akaanza kumfuta, taratibu mno, sehemu ileile, mpaka wale watu wakaondoka na sabuni yao.

*

Habari ya mtu aliyeanguka hutembea na miguu ya kila mtu. Paskazia alipokwenda dukani kupanga foleni ya unga, muuza duka alimpita, akampimia aliyekuwa nyuma yake.

"Mimi nilikuwa mbele, ndugu."

"Nyinyi si mnakula wa Kenya? Tuachieni sisi huu wa njano."

Foleni ikacheka. Ilikuwa foleni ya watu waliokuwa na njaa sawasawa na yeye, na ndicho kinachouma, kwamba fukara hupewa fukara mwenzake wa kumcheka, ili asiinue macho kumtazama aliyekalia ghala. Alirudi nyumbani na mfuko mtupu ameukunja vizuri, kama ndivyo alivyokusudia.

Mtumbwi ulikuwa bado kwenye mnyororo, umepinduliwa juani. Vijana wawili waliokuwa wakivuta makasia na Luhaga walikwishapata vyombo vingine. Hawakumuaga, walikuwa wakiongeza mwendo tu wakimwona.

Alasiri moja alikuja Mzee Ngosha, mwenyekiti wa ushirika, na Maige nyuma yake. Ngosha alikuwa mnene katika mwaka ambao watu hawakuwa wanene. Alikaa kwenye jiwe bora, akajipepea na kofia.

"Baba Josephat, tumekuja kama ndugu."

"Karibuni. Mtumbwi wangu hamkuja nao?"

"Sikiliza. Bwana Samaki anakuja na mkutano wa hadhara. Yeye anatafuta kitu cha kuandika, si mtu mbaya. Wewe kubali safari moja. Moja tu! Sema ulipotea njia, samaki ukawapeleka ng'ambo, umejuta. Mtumbwi utawekwa chini ya ushirika kwa muda. Wewe utavua humohumo, ila kama mwajiriwa."

"Mwajiriwa katika mtumbwi wangu."

"Kwa muda."

"Na nisipokubali?"

Ngosha aliacha kujipepea. "Ukisema hukuvua, maana yake taarifa ya mwalo mzima ni uongo. Mgao unakufa. Nyavu za wenzako hizo. Na huyu hapa," alimwonyesha Maige kwa kidole gumba bila kugeuka, "anakwenda ndani. Ana watoto wadogo."

"Wangu ni wazee?" Sauti ilitoka jikoni. Paskazia alikuwa anapuliza moto, mgongo kawapa.

"Mama Josephat, haya ni mazungumzo ya wavuvi."

"Endeleeni, mwenyekiti. Moto nao unanishinda."

Maige alikuwa amekonda kuliko Luhaga. Walipokuwa wanaondoka alibaki nyuma, akasema kwa haraka, "Luhaga, mimi nilikuwa naona haya. Wewe nikuandikie sifuri? Wewe?" Kisha akamkimbilia mwenyekiti wake.

Luhaga alikaa palepale mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia miguuni.

"Utakubali?" aliuliza Paskazia.

"Nitanyamaza."

"Kunyamaza ndiko kukubali, baba Josephat."

"Unataka nisimame mbele ya watu, pembeni ya maji, nitamke neno lile? Kwamba nilikwenda masika yote nikirudi bure? Baba yangu hakulitamka. Hata mtu aliyefia majini hakulitamka."

"Aliyefia majini hana mtoto wa kunyonyesha." Alikaa chini. "Mtumbwi ukiondoka haurudi. Umewahi kuona kitu kimewekwa chini ya ushirika kwa muda, kikarudi?"

Wote wawili walikuwa wanakumbuka ng'ombe wa kijiji, waliochukuliwa kwa muda wasionekane tena.

*

Mkutano ulifanyika kwenye banda la mizani. Ngosha alifungua kwa "Kidumu Chama!" watu wakaitika, wengine kwa ngumi juu na wengine kwa midomo tu. Rwegasira alikaa kwenye meza ya kukatia samaki iliyotandikwa kitambaa cha mezani, na nzi hawakudanganyika na kitambaa.

Alisoma mashitaka. Alisoma vizuri, kwa Kiswahili cha shule, na hakufurahia. Yale makaratasi ya kila mwezi alikuwa ameyatia sahihi yeye, na kwa hayo alipongezwa. Aliyemtuma alitaka kujua samaki wamekwenda wapi, wala hakumtuma kuuliza kama walikuwepo.

"Ndugu Luhaga, una la kusema?"

Luhaga alisimama. Nyuma ya banda ziwa lilikuwa linapiga mawe, hatua chache tu. Watu wote walisikia linavyopiga. Akafungua kinywa, akakifunga.

"Sina."

"Basi," alisema Ngosha, akiinuka haraka kama mtu aliyeona mvua na ana nguo kambani, "kwa kuwa ndugu yetu amekiri kwa kunyamaza, kamati inapendekeza chombo—"

"Mwenyekiti, nimenyoosha mkono."

"Mama Josephat, kaa chini."

"Kwenye mikutano yako mnasema wanawake wasimame waongee. Leo nimesimama. Nikae?"

Palikuwa na kicheko kidogo upande wa akina mama. Rwegasira alisema, "Mwache aseme."

Paskazia alimhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, labda apate kitu cha kushika.

"Bwana Samaki, uliniuliza kichwa kina mwili, mwili uko wapi. Nilikosa jibu kwa sababu mume wangu alikuwa amesimama pale. Leo nakujibu. Mwili uliliwa na watu wengine. Mimi niliomba vichwa."

Akampandisha mtoto begani.

"Mke wa Luhaga nimeomba vichwa. Tangu wavu upasuke nilikuwa naamka, namfunga mtoto, napita nyuma ya mawe nisionekane, nakwenda mwalo wa pili kwa mama Odeta anayekausha samaki. Napara samaki za watu mpaka jua linakuwa kali. Ujira wangu vichwa na matumbo. Napika. Mume wangu nikamwambia ni akiba ya darini. Mtu anayepeleka samaki Kenya, mkewe anapara samaki za watu kwa matumbo?"

"Nani shahidi?" alifoka Ngosha. "Mke anamtetea mume!"

Kwenye kona waliyokaa wanawake wa mwalo wa pili alisimama Odeta, Mjaluo, mjane mrefu, kitambaa cheusi kichwani. Kiswahili alikuwa anakisukuma kama mtumbwi mzito, lakini kilikwenda.

"Sahidi mimi. Huyu mtoto ya watu alikuja kwangu. Nikamuuliza, wewe bwana yako ni mvuvi kubwa, kwa nini wewe naomba kichwa? Akasema, mama nyamaza. Nikanyamaza. Lakini nyinyi wanaume mnataka kula mtumbwi yake kabisa. Sasa sinyamazi." Akawageukia wanawake wengine. "Na nyinyi mlimuona. Mlikuwa nacheka."

Mmoja akasema, "Kweli." Mwingine akasema, "Mimi nilimpa vipande vya samaki ningu mara moja," kana kwamba hilo nalo linahesabiwa mbinguni.

Luhaga alikuwa bado amesimama. Uso wake ulikuwa umekufa. Hakuna dhoruba iliyowahi kumvua nguo namna ile.

Rwegasira alimgeukia karani. Hakupaza sauti. "Ndugu Maige. Huyu mtu akirudi mtupu, ulikuwa unaandika nini?"

Maige aliangalia maji, akaangalia mwenyekiti wake, kisha akalia. Mtu mzima, karani, alilia mbele ya watoto, na ndani ya kilio akasema yote: ya watoto, heshima, mzigo wa zamani, taarifa zinazopanda.

"Kwa Luhaga peke yake?"

Maige akatikisa kichwa. Na hapo wavuvi wote wa Mawe Mawili, wanaume waliokwisha kupita kwenye dhoruba, waliinamisha macho wakawa wanasoma vidole vya miguu yao. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Na mimi vilevile."

Rwegasira hakuwa mtu mbaya. Kuhusu hilo Ngosha hakusema uongo. Angeweza kukunja karatasi akaondoka na mhujumu wake, mjini wangempongeza tena. Alichukua kalamu, akayakata mashitaka. Akaandika palepale, akasoma alichoandika, kwamba taarifa za mwalo hazikuwa za kweli, kwamba mvuvi Luhaga hana kosa, na chombo chake kifunguliwe. Na kwamba mgao wa nyuzi kwa Mawe Mawili unasimama mpaka uvuvi uhesabiwe upya.

Sentensi ile ya mwisho ndiyo iliyosikika.

*

Maige walimchukua. Alirudi baada ya muda, kichwa kimenyolewa, asiye karani tena. Ngosha alibaki mwenyekiti. Watu wa namna yake mafuriko huwaosha tu, hayawachukui. Taarifa nayo ikaendelea kwenda mjini kila mwezi, chini ya karani mwingine aliyekuja na mizani yake na barua yake.

Mtumbwi ulifunguliwa, lakini jua lilikuwa limeufanyia kazi yake. Mbao zilikuwa zimeachana mpaka mtu angepitisha kidole. Luhaga alishinda nao siku nzima, akishindilia pamba kwenye nyufa na kuipaka lami iliyobaki. Tangu mkutano hakuwa amemsemesha mkewe. Chakula alikula. Alisema "lete maji," na "mtoto analia," basi. Paskazia alikuja akakaa upande wa pili wa mtumbwi, akaanza kuchambua pamba, akitoa mbegu, akimsogezea vipande. Mbao za mtumbwi zilikuwa katikati yao.

Baada ya muda mrefu Luhaga akasema, akiwa ameinamia ufa, "Darini hamkuwa na akiba."

"Hamkuwa."

"Nilikuwa najua."

Paskazia alitoa mbegu, akaitupa. "Nami nilijua kwamba unajua."

"Ulinivua nguo mbele ya watu, Paskazia."

"Nilikuvua. Walikuwa wanataka ngozi."

Walimaliza upande ule wakahamia mwingine.

Pale Mawe Mawili mtumbwi ukishuka majini, kila mwanaume aliye ufukweni huacha alichokishika, akaja kutia bega. Haihitaji kuitwa. Hata maadui husukumiana mitumbwi, kisha wakarudi kwenye uadui wao. Siku hiyo wanaume walikuwa wengi, wameketi kwenye mawe, wanashona nyavu kuukuu kwa kamba za katani kwa sababu ya nailoni isiyokuja. Luhaga alitia bega peke yake. Mtumbwi ulisogea kidogo, ukakataa. Akatia tena. Hakuna aliyeinuka. Mmoja alikuwa amekaa kando kabisa ya wengine, kichwa kimenyolewa; alinyanyuka nusu, akawatazama wenzake, akakaa tena.

Mwanamke hashiki mtumbwi unaoshuka. Hilo pia lilikuwa neno la wazee.

"Mweke mtoto kwenye mchanga," alisema Luhaga bila kugeuka. "Kisha shika ubavu huu."

Paskazia alimlaza mtoto juu ya kanga, akafunga nguo yake juu ya magoti, akatia bega.

"Luhaga!" mtu alipiga kelele kutoka kwenye mawe. "Siku hizi nahodha ni nani humo?"

Wenzake wakacheka, si sana.

"Ni yule anayesukuma," alijibu Luhaga.

Mtumbwi uliteleza, ukaingia, na maji yakaanza kupenya kwenye nyufa hata kabla haujaelea vizuri. Yeye alirukia ndani kutafuta kafi. Paskazia alibaki majini mpaka kiunoni, nguo yake imefura kumzunguka, ameushika mtumbwi kwa mikono yote miwili usije ukarudi nchi kavu.